Filimbi Kwenye Redio ya Taratibu

Lori kubwa lina betri mbili, na betri hizo ndizo zilizompatia Cheche maadui wengi kuliko mgombea ubunge.

Kila betri ina volti kumi na mbili. Zikiunganishwa zinatoa ishirini na nne, na lori zima linakula humo: stata, taa, honi. Tatizo ni redio. Redio nyingi zinataka kumi na mbili tu. Ukiipa ishirini na nne inakata roho papo hapo na moshi juu. Basi madereva wana ujanja wao wa tangu zamani. Wanachomeka waya kwenye betri moja kati ya zile mbili, redio inaimba, safari inaendelea. Ujanja huo wanauita kudonoa. Katika yadi ile ya malori hakuna dereva aliyeona ubaya wake, ila tu kwamba betri zilikuwa zikiwafia ovyo, nao wakamlaani aliyeziuza.

Cheche alikuwa fundi umeme wa yadi hiyo, na kwake kudonoa hakukuwa kosa la ufundi. Kulikuwa dhuluma.

"Hawa ni mapacha!" alikuwa akifoka, bisibisi mkononi, kama mtu aliye jukwaani. "Wanafanya kazi pamoja, wanalala sanduku moja. Wewe unamnyonya mmoja kutwa nzima, halafu chakula kikija unawagawia sawasawa. Huyu anabaki na njaa, yule anavimbiwa mpaka maji yanamchemka tumboni. Nyumba gani inaendeshwa hivyo?"

"Nyumba yetu," alijibu dereva mmoja, na yadi nzima ikaangua kicheko.

Waliompa jina la Cheche hawakumwonea. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kuwaka na mgumu wa kuzimika. Chumba alichopanga kilikuwa kimejaa redio zilizopasuliwa na feni zisizo na mapanga, na kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani kuipisha meza ya kazi. Mjomba wake alipomtembelea alisimama mlangoni, maana pa kukaa hapakuwepo, akauliza, "Na mke utamlaza wapi, mwanangu? Kwenye droo?"

Lakini mcheke mtakavyo, Cheche alikuwa na hoja. Dunia imejaa watu wanaofurahia wimbo bila kuuliza ni nani anayenyonywa ili wimbo huo upigwe, na inafaa awepo japo mtu mmoja, hata kama ana grisi puani, wa kuwapigia kelele. Watu hudhani haki inatafutwa mahakamani peke yake. Nyingine iko chini ya kiti cha dereva.

Na dawa ya kudonoa ilikuwepo. Kuna kifaa kinachoitwa kipunguza volti, kijisanduku kinachotosha kiganjani. Unakipa ishirini na nne za betri zote mbili, chenyewe kinatoa kumi na mbili, na mapacha wanakamuliwa sawa. Moyo wake ni chipu ndogo kama ukucha wa mtoto. Chipu hiyo haiunguzi umeme wa ziada kama vilivyofanya vifaa vya wazee wetu. Inafungua mlango na kuufunga, inafungua na kuufunga, haraka kupita akili ya binadamu, kila mara ikiruhusu kipande kidogo tu kupita. Nyuma yake kuna koili, waya uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo, inayovipokea vile vipande na kuvilainisha vikawa mkondo mmoja mtulivu. Cheche akilieleza jambo hili alifumba macho, kama mtu anayeelezea wali wa kwa mama yake.

Sasa, ajabu ya mapenzi hayana macho: binti aliyempenda alikuwa mtoto wa mdonoaji mkuu.

Mzee huyo aliitwa Taratibu. Alikuwa akibeba saruji lakini akiendesha kana kwamba amebeba mayai, na hakuna aliyewahi kumwona akilipita gari jingine isipokuwa lililoharibika. Binti yake aliuza katika duka la vipuri lililotazamana na lango la yadi. Cheche alikuwa akienda pale kununua fyuzi, na alinunua fyuzi nyingi kuliko malori yaliyokuwepo.

Alipopeleka ombi lake, Taratibu alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akasema, "Mimi binti simtoi kwa hotuba, kijana. Hotuba zako nimezisikia, hata mbwa wa mlinzi anazijua. Betri zangu zinakufa. Tengeneza lori langu, niende safari nirudi. Kazi ikiniridhisha, tutazungumza."

Cheche alivuka barabara akikimbia.

"Kipunguza volti!" alisema, akiegemea kioo cha kaunta. "Cha baba yako!"

Binti alimwekea mezani kijisanduku cheusi, kizito, kisicho na pambo lolote. "Chukua hiki. Chipu yake imetengenezwa kwa ajili ya magari."

"Hakina hata taa."

"Unataka umeme au unataka sherehe?"

"Kile pale je?" Cheche alionyesha kingine kilichokuwa rafuni, king'avu, chenye taa ya buluu iliyozunguka ukingo mzima. "Kile ndicho mzee atakiona akasema, naam, huyu ni fundi. Kile kina uso."

"Kile ni cha mitambo ya nyumbani. Watu wamekirudisha."

"Wamekirudisha kwa sababu wamefungiwa na mafundi wasiojua. Bibie, chipu ni chipu. Volti kumi na mbili ni volti kumi na mbili, hata zitoke wapi."

Binti alikipangusa vumbi, akamsukumia. "Haya. Mkwe ni wako, si wangu."

"Ni baba yako!"

"Baba yangu nimeshamzoea. Mgeni ni wewe."

Cheche alikifunga kile cha buluu kwa ustadi usio na mfano. Nyaya alizilaza kama nywele zilizosukwa. Waya wa kudonoa aliukata mbele ya madereva wote, akaunyanyua juu kama nyoka aliyeuawa. Kisha akawasha redio, akatafuta stesheni ya muziki ya mjini, na sauti ikatoka safi, nzito, mpaka vioo vikatetema. Taratibu akatikisa kichwa kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na mtu mwingine kupiga vigelegele. Akapanda, akaondoka.

Jambo ambalo Cheche hakulifikiria ni kwamba Taratibu hakuwa na haja na stesheni za mjini. Ukishaiacha miji nyuma, stesheni hizo zinakuaga mlimani na kurudi kwao. Inayomfuata dereva mpaka nyikani ni redio ya zamani ya masafa ya kati, yenye mikwaruzo yake, na stesheni hiyo kila alasiri ilikuwa na kipindi cha salamu. Na katika kipindi hicho, kila alasiri mumewe akiwa njiani, alipiga simu mama wa yule binti.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani. Saa ya salamu ikifika, cherehani ilinyamaza, wateja wakanyamaza, naye akaongea na nchi nzima.

"Namsalimu mume wangu aliye safarini. Namkumbusha kumeza dawa ya presha, asibishane na watu wa mizani, na asinunue kochi lolote barabarani, tulilonalo linatosha. Je, amekula? Anijibu."

Na akisimama mahali, Taratibu alitafuta simu, akamtumia mtangazaji jibu kwamba amekula. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote.

Alasiri ya siku ya pili baada ya lori kurudi, mama huyo aliingia yadini, futikamba shingoni, pini zimechomekwa kwenye mkono wa gauni, na madereva wakampisha kama wanavyolipisha gari la zimamoto.

"Yuko wapi huyo mtoto wa umeme?"

Cheche alitokea chini ya lori. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemfanya nini mume wangu?"

"Mimi? Sijamgusa, mama."

"Safari nzima sijapata jibu hata moja! Nimemsalimu mbele ya taifa, kimya. Nimemsalimu tena, kimya. Mtangazaji ananiuliza, mama, una hakika mume unaye? Majirani wameanza kunipa pole. Halafu mtu karudi, na unajua karudi na nini?"

"Na nini, mama?"

"Kochi!"

Lilikuwa kweli. Kochi jekundu la watu watatu lilikuwa limekaa kando ya ukuta wa yadi, maana nyumbani lilikatazwa kuvuka kizingiti.

"Anasema redio inapiga filimbi," mama aliendelea. "Nikasema huyu mwongo, nikapanda kwenye lori mwenyewe. Inapiga filimbi! Sasa nisikilize, kijana. Iondoe hiyo filimbi. Usipoiondoa, binti yangu ataolewa na kinyozi. Kinyozi akikosea, nywele zinaota tena."

Cheche alipanda ndani ya lori, akawasha redio, akapeleka sindano kwenye masafa ya kati. *Fiiiiiiii.* Akazima kipunguza: sauti ya mtangazaji ikasikika nukta moja, ikafa pamoja na umeme. Akakiwasha: *fiiiiiiii.* Akasogeza sindano, filimbi ikapungua. Akairudisha kwenye stesheni ya salamu, ikamlaki kama mwenyeji.

Alielewa, na kuelewa kulimuuma. Mlango ule wa chipu, katika kufunguka na kufungwa, una mdundo wake, na mdundo wa chipu ile ya nyumbani ulikuwa wa mwendo uleule wa masafa ya kati. Kwa hiyo chipu nayo ilikuwa inatangaza. Waliotengeneza chipu za magari walilijua hilo zamani: zao hufungua na kufunga haraka zaidi, juu kabisa ya stesheni zote hizo, na kijisanduku chao hufunikwa vizuri ili kelele isitoke. Ndicho kile cheusi kisicho na taa. Mtu aliyewahubiria watu kuhusu kunyonya betri moja alikuwa amempokonya mzee wa watu redio nzima.

"Nitabadilisha, mama," alisema. "Kesho alasiri njoo uhakikishe mwenyewe."

Mama alipoondoka tu, mkono ukamshika bega. Alikuwa Taratibu. Akamvuta mpaka nyuma ya gurudumu la mwisho, akaangalia huku na huku.

"Kijana, umefanya kazi nzuri sana."

"Mzee, redio inapiga filimbi."

"Ndiyo kazi yenyewe!" Macho ya mzee yalikuwa yaking'aa. "Unajua nimeendesha miaka mingapi huku naulizwa kama nimekula? Mbele ya nchi nzima? Kuna mzani mmoja, yule bwana akiniona tu ananiambia, dereva, dawa umemeza? Safari hii hakuna aliyeniuliza kitu. Nimepita mahali nikaona kochi, nikasimama, nikanunua. Nilijiona mtu mzima."

"Si ungezima tu redio, mzee. Ina kitufe."

"Nikizima, nimezima mimi. Nitaulizwa, na uso wangu haujui kusema uongo, utanisaliti. Lakini filimbi si yangu. Filimbi ni mambo ya ufundi." Akamsogelea zaidi. "Usiiguse. Mwambie mama imeshindikana. Na jioni yake mlete mjomba wako, tuongee habari za binti."

Cheche alibaki pale nyuma ya gurudumu, akipiga hesabu. Akiiondoa filimbi, baba anakataa. Akiiacha, mama anakataa. Akavuka barabara kwenda dukani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

"Kwa hiyo mimi ndiye malipo ya filimbi."

"Sikusema hivyo. Ila nimefikiria jambo." Cheche aliinama juu ya kioo. "Nafunga vyote viwili. Kile kizuri kinafanya kazi mama akiwepo. Halafu chini ya kiti naweka swichi ndogo, mzee akiwa njiani, akitaka utulivu, tiki! Filimbi. Kila mtu anafurahi."

"Swichi ya siri."

"Ndogo tu."

"Yaani wewe, unayewatukana watu hadharani kwa sababu ya waya mmoja, unataka kuanza ndoa na swichi ya siri iliyofichwa chini ya kiti cha baba yangu?" Akaweka kile kijisanduku cheusi juu ya kioo, kwa kishindo. "Mimi sikuchagulii. Lakini nikikuona na swichi, kinyozi namjua mwenyewe, na ana chumba chenye nafasi."

Kesho yake alasiri, yadi ilikuwa imejaa kuliko siku ya mishahara. Mama alifika mapema. Binti alifunga duka akaja, akasimama langoni mikono kifuani. Taratibu aliegemea mlango wa lori lake, na kila Cheche alipomtazama, mzee alikohoa. Kilikuwa kikohozi chenye maneno.

Cheche alikishika kile cheusi. Alijua akifungua mdomo hatajua kuufunga, maana ndivyo alivyoumbwa, basi akaufungua.

"Mzee, cha buluu nakiondoa. Nilikukosea nilipokifunga, kwa sababu nilipenda taa yake. Nikikiacha sasa hivi huku nikijua ni kibaya, hiyo si kazi tena. Binti yako nampenda mpaka nakosa usingizi, lakini simtaki kwa njia ya filimbi."

Mzee alikohoa mpaka karibu apaliwe.

"Kwa njia ya filimbi maana yake nini?" aliuliza mama.

Taratibu alianza kukagua tairi la mbele. Hilo lilikuwa jibu tosha.

"Baba watoto. Ulimwambia aiache?"

"Basi hakuna binti!" Taratibu aliwaka, akimnyooshea Cheche kidole. "Mtu asiyeweza kutunza siri ya mkwe wake kutwa moja, siri za nyumba atazitunza vipi? Hakuna!"

Cheche aliinama, akafungua skrubu za kile cha buluu, akaanza kufunga kile cheusi.

Mama naye alianza kulizunguka lori. Jicho lake huona mshono uliopinda ukiwa ng'ambo ya barabara. Alipofika mbele akasimama, akaingiza mkono nyuma ya bampa, akavuta. Ukatoka mhindi mzima: shina, majani, na gunzi lake limening'inia.

"Baba watoto," alisema polepole, "siku hizi lori linakula mahindi?"

"Ah. Hayo... kuna mahali shamba lilipita karibu."

"Shamba lilipita?"

Taratibu alitazama viatu vyake. Uso wake, kama alivyosema mwenyewe, haukujua uongo. "Ile filimbi," alisema. "Ikiimba muda mrefu, inakuwa kama mtu anayekubembeleza. Sikusinzia sana. Nilipofumbua macho mahindi yalikuwa yananipangusa kioo, na mwenye shamba amesimama na jembe lake. Akaniambia, karibu."

Mama alikwenda mpaka lilipokuwa kochi jekundu, akaketi, ule mhindi mapajani.

"Unajua kwa nini nilianza kukusalimu?"

"Kunichunga."

"Tulipooana uliniambia njia ya nyikani inatisha. Ukasema, tatizo si giza wala mbwamwitu, tatizo hakuna wa kukusemesha, usingizi unakuja kama mgeni. Nikasema huyu nitamsemesha. Mwanzoni nilikuwa nasema maneno matamu, nadhani umesahau. Lakini mtu akisema kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, matamu yanaisha. Nikabaki na dawa na makochi. Ningefanyaje? Ningenyamaza?"

Taratibu akaenda akaketi upande wa pili wa kochi, nafasi ya mtu mmoja ikiwa katikati yao.

"Ni laini," mama alikiri, akibonyeza.

"Nilikuambia," alisema mzee, ingawa hakuwa amemwambia mtu.

Cheche alikuwa amemaliza. Akawasha redio. Hakuna filimbi; mtangazaji alikuwa anasoma salamu za watu wasiowajua, na kila jina lilisikika, hata pumzi yake kati ya jina na jina. Taratibu alisikiliza, akainuka, akapanda lori bila kumtazama fundi, akaondoka na mzigo wake. Kuhusu binti hakusema lolote.

Zikapita siku za mateso. Cheche aliacha hata kuwafokea wadonoaji. Mmoja alidonoa mbele yake waziwazi ili kumpa moyo, naye akapita tu. Alasiri zote alikuwa dukani, kiwiko kwenye kioo, redio ya duka imewashwa. Mama alimsalimu mumewe kama kawaida, ila siku moja katikati ya dawa na mizani alisema pia kwamba nyumba ni kubwa mtu asipokuwepo, na mtangazaji akakimbilia kupiga wimbo.

Kisha sauti ya mtangazaji ikaja, ikicheka. "Tuna jibu kutoka kwa dereva anayejiita Taratibu. Anamsalimu mke wake. Amekula, dawa amemeza, kochi hajanunua. Anasema na huko barabarani ni kupana mtu asipokuwepo. Vilevile anamsalimu binti yake wa duka la vipuri. Anasema yule fundi hana adabu, ni mkaidi, na siri haiwezi. Redio inasikika vizuri mpaka inaudhi. Kama binti bado anamtaka, wazee wa fundi waje akirudi. Kama hamtaki, anasema, yeye hatalia."

Dukani kulikuwa na mteja anayetaka mkanda wa feni. "Dada..." alianza.

"Subiri, kaka, huyu kafika kabla yako." Binti alimgeukia Cheche. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ya dukani. "Unasemaje?"

"Naulizwa mimi? Umeulizwa wewe!"

"Mimi ninamtaka. Haya, toa kiwiko kwenye kioo, mteja haoni vitu."

Cheche alitoa kiwiko. Akatoka nje, akarudi kuchukua bisibisi yake, akatoka tena, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Dereva mmoja alifunga breki za kukwaruza lami, akatoa kichwa dirishani, akamtukana yeye, mjomba wake na ukoo wote uliobaki.

"Asante sana, kaka," alisema Cheche. "Nitawafikishia."